Sahihi Juu ya Kazi ya Mwenzangu

Maisha yangu ya ufundi yamepita chini ya wasimamizi watatu. Nilianza wakati wa bodi ya umeme iliyotokana na sheria ya 1997, nikaendelea chini ya ERC iliyokuja na sheria ya 2006, na leo leseni yangu inatoka EPRA, mamlaka iliyowekwa na Sheria ya Kawi ya 2019. Kilichodumu muda wote huo ni ombi moja: fundi, nyumba imeshafungwa waya, imebaki cheti tu. Hilo neno “tu” limenisumbua kuliko waya wowote. Anayelisema hana nia mbaya. Anajua Kenya Power haitamfungia mita mpaka mwenye leseni aweke sahihi kwamba kazi iliyomo ndani ya nyumba ni salama, na kwake karatasi hiyo ni sawa na risiti ya simiti. Kwangu mimi ni ushahidi, na shahidi huulizwa aliona nini.

Mwakirunge, ninakofanya kazi, iko Kisauni, Mombasa, na watu wengi wa kisiwani huijua kwa jaa la taka. Mimi naijua kwa kuta zake. Nyumba za huku hazijengwi kwa mkupuo: chumba kimoja mwaka huu, cha pili mavuno yakikubali au mtoto akipata kibarua, na plasta hufuata fedha. Anayepitisha waya ni fundi wa mtaa aliyejifunza kwa kubeba ngazi ya mwenziwe, analipwa kwa pointi, yaani kwa kila taa au soketi, na mara nyingi hana cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, wala daraja lolote la leseni, hata C-2 lililo la chini. Kwa sheria, kazi hiyo si yake. Kwa hali halisi, bila yeye nusu ya kijiji ingekaa gizani. Kwa hiyo mwenye leseni huku hulazimika kuamua mapema: je, nitatia sahihi kazi ambayo sikuifanya? Wapo wenzangu wanaosema hapana kabisa, na nawaheshimu. Wapo wanaouza muhuri bila kushuka kwenye pikipiki, na hao sina la kuwaambia. Msimamo wangu ni wa tatu: kazi ya mwenzako inaweza kuthibitishwa kwa haki, mradi karatasi iseme wazi ulichokiona na usichokiona, na mradi uitwe kabla ya plasta.

Hoja ya kwanza ya wanaonipinga ni vipimo. Husema: una mega, una mita, unahitaji nini zaidi? Kweli vipimo vinafichua mengi. Mega, yaani kipima kinga ya waya, ikisukuma volti 500 kwenye waya zilizozimwa, kinga iliyochubuliwa na msumari hujionyesha, kwa sababu usomaji unashuka chini ya megomu moja inayotakiwa. Kipimo cha polariti kitakwambia kama laivu na nyutro zimebadilishana, kosa ambalo mwenye nyumba hatalijua kamwe, maana taa itawaka na kuzimika kama kawaida huku kikombe cha balbu kikibaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Kifaa cha kinga cha miliampu 30 kinaweza kupimwa kwa milisekunde. Hata unene wa waya unaweza kubashiriwa: shaba ya milimita 2.5 za mraba ina upinzani wa takriban miliomu 7.4 kwa mita, na ile ya 1.5 ina takriban 12.1. Mita 20 za kwenda na 20 za kurudi zitakupa karibu omu 0.3 kwa waya mnene na karibu 0.48 kwa mwembamba. Tofauti hiyo haihitaji miwani.

Lakini hesabu hiyo inadai nijue urefu, na urefu umezikwa. Fundi aliyetaka kuokoa bomba alipanda juu ya dari, mwingine alizunguka dirisha. Mimi nasimama chumbani nikikisia. Hatari kubwa zaidi ni kiungo. Waya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, kisha zikafunikwa na plasta, zinaweza kupita kila kipimo siku ya cheti. Shaba bado inang’aa, imeshikana vizuri. Miaka inapita, hewa yetu ya chumvi inafanya kazi yake, na kiungo kinalegea mpaka kinakuwa na upinzani wa nusu omu. Birika la umeme la wati 2,200 kwenye volti 240 huvuta ampea 9 na kidogo. Zidisha 9 kwa 9, kisha kwa nusu: wati 40 za joto, sawa na balbu ya kizamani iliyowashwa ndani ya ukuta, kila asubuhi, wakati chai inachemshwa. Hakuna mashine niliyowahi kuishika inayoweza kukiona kiungo hicho siku kilipokuwa kizuri. Kinachokiona ni jicho, ukuta ukiwa wazi.

Katika fani yetu wengi husoma kanuni za Waingereza, ambazo kwa jina la sasa ni BS 7671, na inafaa kutazama wao wenyewe walilitatuaje jambo hili. Cheti chao cha kazi mpya kina nafasi ya sahihi tatu: aliyesanifu, aliyejenga, na aliyekagua na kupima. Mmoja anaweza kuzitia zote, lakini fomu inakubali kwamba ni kazi tatu tofauti. Mwaka 2014 Uingereza iliruhusu pia mkaguzi aliyesajiliwa athibitishe kazi ya nyumbani iliyofanywa na asiyesajiliwa. Masharti yake mawili ndiyo yanayonivutia. Mkaguzi lazima ateuliwe kabla kazi haijaanza. Na anachotoa mwishoni ni ripoti ya hali ya mfumo, hasemi kwamba yeye ndiye aliyeufunga. Nchi yenye mafundi wengi waliosajiliwa kuliko sisi haikuona aibu kuandika kwamba sahihi ya mkaguzi ina mpaka.

Pingamizi zito zaidi ni la mfuko. Ukaguzi wa safari mbili, moja kabla ya plasta na moja baada ya swichi kufungwa, unagharimu zaidi ya safari moja, na mwenye nyumba aliyekwisha kubana akiba atakwambia jirani yake amemvutia waya kwa bei ya sufuria. Ana haki ya kulalamika. Mradi wa Last Mile wa kusambaza umeme ulipoanza 2015 na ada ya kuunganishwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, shabaha ilikuwa kumfikia mtu kama yeye, na kwa nyumba zisizo na waya kabisa kukawa na ubao ulio tayari, wenye taa na soketi zake. Ubao ule ulikuwa salama ulipotoka kiwandani. Kilichofuata ni waya wa chumba cha pili, cha tatu, kibanda cha kuku, duka la mbele, na hakuna karatasi inayofuata nyongeza hizo. Hapo ndipo ninapokataa kwamba ukaguzi ni anasa. Gharama yangu ya safari ya pili naipunguza kwa kuitwa na fundi wa mtaa mwenyewe: anaponiambia Jumamosi zitapigwa plasta nyumba mbili za jirani, nazikagua zote mbili kwa nauli moja.

Na hapo linakuja swali nisilo na jibu safi. Nikiandika jina la aliyefunga waya, namweka hadharani mbele ya sheria inayosema hakupaswa kufunga. Nisipoliandika, nachukua kazi yake na makosa yake kama yangu, na mwenye nyumba hatajua amwite nani siku soketi ikinuka. Kwa sasa ninaloandika ni hili: waya za vyumba hivi nilizikagua tarehe fulani, kuta zikiwa wazi; vyumba hivi vingine nilivikuta vimepigwa plasta, nimevipima tu. Fundi mwenyewe namsukuma akafanye mtihani wa daraja la tatu wa NITA, kwa sababu mkono anao, kinachokosekana ni karatasi. Wengine hukubali. Wengine husema ada na siku za kukaa bila kazi ni nyingi mno, na nikitazama pointi wanazolipwa, siwezi kuwaambia wamekosea hesabu. Jumatatu ikifika wananipigia tena: bosi, ukuta bado wazi, njoo kabla ya saa nane.