Ndege wa Vuli Ziwani Mwanza

Jumamosi moja ya Novemba, baada ya sala ya Alfajiri, tuliwachukua watoto hadi Mwaloni Kirumba. Mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya walipita chini juu ya dagaa walioanikwa (harufu huzoeleka), na yangeyange walisimama juu ya mitumbwi kana kwamba ni mali yao.

Kesho yake tulivuka kwenda Saanane, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Furukombe alilia mtini, sote tukanyamaza. Miambani, mnandi alikuwa amenaswa bawa na kipande cha timba, wavu wa uzi wa plastiki uliopigwa marufuku. Mhifadhi aliukata taratibu. Binti yetu mdogo akauliza ni nani aliyeutupa. Ndege alibaki jiweni, bawa limelegea, hata boti yetu ilipoondoka.