Mkono wa Bahari wa Miritini

Wengi wetu twaijua Miritini kwa stesheni yake. Tangu tarehe 31 Mei 2017, gari la moshi la Nairobi hukomea hapo, na abiria hukimbilia matatu za mjini bila ya kugeuza shingo. Lakini atakayeyapa kisogo malori na makontena ya barabara kuu, akateremka upande wa chini, atafika penye mikoko na mkono wa bahari uingiao kutoka Port Reitz kuelekea Mwache. Huko ndiko alikonipeleka shemeji yangu, mvuvi wa zamani, kwa jambo nililolionea haya miaka mingi: mimi, mzaliwa wa pwani niliyepindukia hamsini, sikujua kuogelea.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka mita zipatazo 40 tu kutoka gatini, na watu wapatao 270 wakafa maji. Nilikuwa kijana, na nilisimama katika safu za swala za jeneza. Tangu siku zile, maji yakinipita magoti kifua hunibana. Tena hofu hiyo nikaivika kanzu ya dini. Binti yangu aliponiomba ruhusa ya kujifunza, nilimjibu kwa habari ya stara, ilhali jibu la kweli lilikuwa woga wa baba yake.

Shemeji alichagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mnamo tarehe 8 hadi 10 za mwezi mwandamo. Wakati wa bamvu, mkondo wa mahali pembamba kama hapa humvuta hata hodari; maji mafu hayana nguvu hiyo, nayo hujaa karibu na saa nne asubuhi, yakatulia kidogo kabla ya kupwa.

Siku ya kwanza hatukuogelea kabisa. Nilisimama maji yakiwa kifuani, nikaambiwa nizamishe uso na kutoa pumzi humo polepole, mapovu yapande, kisha niinuke nivute hewa. Nilirudia hayo mpaka nikachoka. Nilidhani ananidhihaki; kumbe mwenye hofu huizuia pumzi yake, na mwili mzima hukakamaa kwa ajili hiyo.

Siku ya pili alinilaza chali, kiganja chake chini ya kisogo changu. “Shemeji,” akaniambia, “kichwa ni kizito. Ukikiinua, miguu itazama.” Ndivyo ilivyokuwa. Kila nilipokiinua ili nione nchi kavu, miguu ilikwenda chini, nami nikameza maji. Mapafu yaliyojaa hewa ni kama dumu tupu lililofungwa vizuri, na maji ya chumvi, kwa uzito wake, hubeba zaidi ya maji ya kisima. Anayetapatapa huhema pumzi fupi fupi na kulimwaga lile dumu mwenyewe. Wahenga waliposema mfa maji haishi kutapatapa, nadhani walikwisha kuiona sababu pamoja na dalili.

“Legeza shingo. Legeza vidole.” Vidole! Sikujua kwamba nilikuwa nimekunja ngumi. Siku ya tatu nilimwuliza kwa nini mkono wake umekuwa mwepesi, akanijibu kutoka hatua nne mbali nami.

Niliporudi nyumbani nilimwita binti yangu na mama yake, nikakiri. Hadithi aliyoipokea Imam an-Nasai huitaja elimu ya kuogelea pamoja na mambo machache yasiyohesabiwa kuwa upuuzi, wala sikuona humo kwamba ni ya wanaume peke yao. Ni kweli kwamba afaye maji huhesabiwa shahidi, lakini hatukuamrishwa kukitafuta kifo hicho. Na stara ina njia yake. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake wakiwa wamevaa nguo ndefu za kuogelea, wakaanza kwa kuelea na madumu ya manjano ya mafuta. Vazi la burkini nalo lilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mwanamke Mwislamu wa Australia mwenye asili ya Lebanoni. Buibui halifai, likilowa huzito na kuifunga miguu.

Mama aliye na hofu asisukumwe wala asichekwe, na asiingie peke yake. Aliyejua kuelea jana asijirushe leo kumwokoa mwingine. Amtupie dumu au kamba, apige kelele. Na baada ya mvua kubwa maji haya hubeba taka za mitaani, basi ni bora kusubiri.

Nguo zimekwisha kushonwa. Mke wa shemeji, aliyekulia kwenye mikoko hiyo, ndiye atakayewashika kisogo. Maji mafu ya mwezi huu yataangukia Jumamosi, nami nitakaa juu kwenye kivuli cha mwembe, nimewapa mgongo, na kamba na dumu kando yangu.