Kadogo Sio Ujinga

Wasee, leo nakuja na aibu yangu mwenyewe. Naileta hadharani kwa sababu kosa lenyewe nililifanyia hadharani.

Mwaka jana niliposti vidio fupi nikichekelea wazazi wetu wa mtaani. Nilijifunga leso ya mathe, nikabeba kikapu, nikasimama kwa dirisha la duka nikisema, "Nipe sukari ya robo, mafuta ya mbao, na majani ya ashara." Halafu nikageukia kamera: "Hii ndio maana hatutaomoka. Wazazi wetu hawajui kununua vitu kwa wingi." Watu walicheka sana. Laiki zikaja. Nikajiona mtaalamu wa uchumi, na hata daftari ya kuandika matumizi yangu sikuwa nayo.

Shida ni kwamba shangazi alimtumia mathe hiyo vidio kwa WhatsApp.

Mathe huuza chapati na mandazi kwa steji kuanzia saa kumi na moja asubuhi. Siku hiyo alirudi, akaosha sufuria zake za biashara, akazianika, ndio akaketi. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Kwa hivyo mimi sijui kununua?"

"Mama, ilikuwa tu mchezo."

"Sawa. Kuanzia kesho wewe ndio utanunua vitu vya hii nyumba. Wiki mbili. Pesa nitakupa vile inaingia, na usirudi kuniomba ingine."

Akanipa daftari la zamani la sista yangu, lile limebaki kurasa chache huko nyuma. "Kila kitu uandike. Hata kiberiti."

Acha nikupe picha ya kwetu. Tunaishi Kayole, tuko watano: mzee, mathe, mimi, sista yangu wa kidato cha tatu, na kitinda mimba ambaye anakula kama watu wawili. Mzee anafanya kazi kwa godauni, na wakati huo walikuwa wamempunguzia siku, kutoka sita hadi tatu kwa wiki. Sista yuko shule ya kutwa, na alikuwa na deni la 4,500 la chakula cha mchana. Alikuwa ameshatumwa nyumbani mara mbili. Mimi nilijua haya yote, lakini ukweli ni kwamba yalikuwa yanapita juu ya kichwa changu. Nilikuwa busy na kamera.

Siku ya kwanza mathe alinipa 350. Nikatembea hadi supamaketi nikiwa na kifua mbele. Kilo moja ya sukari, 150. Lita moja ya mafuta, 320. Hapo tayari ni 470, na bado sijanunua unga, mboga, wala tokeni za stima. Nilisimama kati ya rafu nikihesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Mwishowe nilirudisha kila kitu, nikatoka, nikaenda kwa lile dirisha la duka nililolichekelea. Nikasema, kwa sauti ya chini sana, "Nipe sukari ya robo, na mafuta ya mbao."

Mwenye duka alinitambua. Akauliza, "Leo kamera iko wapi?"

Hiyo siku ndio nilielewa kadogo. Watu hawanunui kidogo kidogo kwa sababu hawajui hesabu. Wananunua kidogo kidogo kwa sababu pesa yenyewe inaingia kidogo kidogo. Ukipata 350 leo na kuna watu watano wa kulisha leo, huwezi kununua mafuta ya mwezi ujao. Mathe alijua vizuri sana kwamba robo nne za sukari kwa 45 ni 180, na kilo nzima ni 150. Alijua anapoteza thelathini. Hiyo thelathini ni kama kodi unayolipa kwa kukosa 150 mkononi kwa wakati mmoja.

Niliendelea kuandika. Baada ya wiki mbili, Jumapili jioni, tuliketi wote watano kwa meza, daftari likiwa katikati. Hatukuwa tumewahi kufanya hivyo. Kwetu pesa ilikuwa siri ya mzee na mathe, sisi watoto kazi yetu ni kuomba. Mzee mwanzoni hakutaka, alikuwa anaangalia taarifa ya habari. Lakini nilipoanza kusoma namba, alipunguza sauti ya TV.

Kwanza, ada za simu. Kazini wanamlipa kwa simu, na kila siku ya kazi alikuwa anamtumia mathe 300. Kutuma 300 anakatwa 7. Mathe akienda kuitoa kwa wakala anakatwa 29. Hiyo ni 36, mara tatu kwa wiki, 108. Na ada ya kutoa 300 ni sawa na ya kutoa 900: zote ni 29. Akituma 900 mara moja anakatwa 13, jumla na ya kutoa ni 42. Tofauti ni 66 kwa wiki, 264 kwa wiki nne, na hakuna mtu amelala njaa. Mzee alichukua daftari akalisoma mwenyewe mara mbili. Akasema tu, "Haki."

Pili, stima. Balbu ya jikoni ilikuwa zile za zamani za wati 60. Ikiwaka saa tano kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, kwa saa hizo hizo, inakula uniti moja na kitu. Halafu pasi: kila asubuhi mtu alikuwa anapiga pasi nguo yake moja, inapata moto, inazimwa, mwingine anakuja anaiwasha tena. Tulikubaliana nguo za wiki nzima zinapigwa pasi Jumapili, mara moja. Tulikuwa tunanunua tokeni za 600 kwa mwezi, mwezi uliofuata zikawa kama 400. Na pia kumbuka, bei ya uniti iko chini zaidi kwa nyumba ambazo hazipitishi uniti 30 kwa mwezi, kwa hivyo kupunguza kunakusaidia mara mbili.

Tatu ilikuwa ukurasa wa mwisho, na huo sikutaka kuusoma. Sista ndiye aliusoma. Nilikuwa nimefungua ujumbe wote wa mwezi mzima kwa simu yangu, nikajumlisha bando zangu. Zile za mbao za lisaa limoja, moja asubuhi, moja mchana, mbili usiku. Jumla: 1,340.

Kukawa kimya. Mimi, niliyesema wazazi hawajui kununua, ndio nilikuwa nanunua intaneti kwa kadogo kuliko mtu yeyote kwa hiyo nyumba. Na pesa ingine nilikuwa naomba mathe "ya nauli". Sista aliniangalia, hakusema kitu. Deni lake la shule lilikuwa 4,500. Bando zangu za miezi mitatu na kidogo.

Nilianza kununua bando moja kubwa la mwezi, la 600, na vidio nazipakia nikiwa kwa maktaba ya umma, ambapo kuna Wi-Fi. Sio rahisi, lakini sijakufa.

Sasa tuje kwa swali gumu: unatoka aje kwa kadogo kama hauna pesa ya kununua kwa wingi? Hapa ndio ushauri mwingi wa mitandaoni huanguka, pamoja na ule wangu wa kwanza. Unaambiwa "nunua kwa jumla" kama vile jumla ni uamuzi tu.

Sisi tulihitaji pesa ya kuanzia. Nilikuwa nimelipwa 2,000 na kinyozi mmoja kwa kumtengenezea tangazo, na nilikuwa nataka kununua maiki. Niliitoa hiyo. Sitajifanya shujaa, nilinuna siku mbili. Tulinunua sukari kilo mbili kwa 300 na mafuta lita tatu kwa 960. Unga tulinunua na majirani wawili: bela moja lina pakiti 12 za kilo mbili, tukagawana nne nne, kila nyumba ikatoa 540. Pakiti ikatufikia 135 badala ya 150. Jumla yetu ikawa 1,800.

Lakini kitu kilichotusaidia kabisa kilitoka kwa mathe, sio kwangu. Alichukua mkebe wa majani ya chai, akatoboa kifuniko. Akasema, "Tutajifanya bado tunanunua." Kila jioni, ile mbao ya mafuta inaingia kwa mkebe. Kila siku ambayo tungenunua sukari ya robo, 45 inaingia kwa mkebe. Baada ya wiki mbili sukari iliisha, tukafungua: 640. Tukanunua kilo mbili zingine kwa 300, ikabaki 340. Pesa ya kununua kwa wingi ilikuwa inajitengeneza yenyewe kutoka kwa pesa ile ile ya kadogo. Mimi na vidio zangu zote singefikiria hiyo.

Usidhani kila kitu kilienda sawa. Nilisoma mahali kwamba ukichemsha maharagwe mengi mara moja unaokoa makaa, ambayo ni kweli. Nikaloweka gorogoro nzima usiku, nikachemsha yote asubuhi, nikajipiga kifua. Hatuna friji. Siku ya tatu yalikuwa yamechacha, yanatoa povu. Mathe aliyamwaga bila neno, lakini sufuria aliiweka chini kwa nguvu. Siku hizi tunaloweka nusu, tunakula kwa siku mbili, na kila jioni yanachemshwa tena hata kama hatuyali.

Kosa lingine: nilienda Marikiti peke yangu kununua nyanya na vitunguu kwa bei ya chini. Niliokoa kama 80. Nauli ya kwenda na kurudi, 120. Yaani nililipa 120 ili niokoe 80, na nikabeba mzigo juu. Sasa nyumba tatu zinaungana, mtu mmoja anaenda kila Jumamosi ya pili, nauli tunagawana. Na mboga ya kila siku bado tunanunua kwa mama mboga wetu. Yeye hutupa sukuma kwa deni wakati hakuna kitu, na hiyo huwezi kuipata supamaketi.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, ukijumlisha ada za simu, stima, bando zangu, sukari, mafuta na unga, tulikuwa tumeokoa kama 1,500. Najua kuna mtu anasoma hapa anasema, hiyo tu? Ndio, hiyo tu. Mzee aliipeleka shuleni, akaongea na mwalimu mkuu, wakaelewana kwamba zile 3,000 zimebaki atalipa kwa miezi miwili. Sista akarudi darasani Jumatatu. Aliondoka asubuhi na mapema kuliko kawaida, nguo imepigwa pasi tangu Jumapili.

Mwezi wa pili tulipata msiba upande wa mzee, na mkebe ulifunguliwa wote kwa mchango na nauli ya kwenda ocha. Tulirudi kwa sukari ya robo wiki mbili nzima. Nilivunjika moyo, nikamwambia mathe tumerudi pale pale. Akaniuliza, "Tumekopa?" Nikasema hapana. Mara zote kulipotokea kitu kama hicho tulikuwa tunachukua mkopo wa simu, halafu tunakaa miezi tukilipa na ada juu. Safari hii hatukuwa na deni. Akafunga kifuniko, akaweka mbao, tukaanza tena.

Ile vidio nimeitoa. Sio kwa sababu niliambiwa, ila kila nikiiona nasikia yule mwenye duka akiniuliza kamera iko wapi.

Kama bado unakaa kwa wazazi kama mimi, sitakwambia uende ukawafunze pesa. Anza na simu yako. Fungua ujumbe wa mwezi mmoja, jumlisha bando, ada, na zile soda za mchana, uandike kwa karatasi. Halafu omba, kwa heshima, mkae wote siku moja, na ukurasa wako ndio usomwe wa kwanza. Wazazi wataongea ukweli wao wakiona wewe umeongea wako. Hata kama mtapata mia mbili tu ya kuokoa, tafuteni mkebe, mtoboe kifuniko.

Wetu uko juu ya kabati sasa hivi ninapoandika. Jana niliutingisha, unasikika uko na uzito. Mathe akapiga kelele kutoka jikoni, "Wewe, acha hiyo kitu!"