David Smith: Fundi Chuma na Kamera Yake

Mara nyingi sanamu ilipokamilika, David Smith aliipiga picha mwenyewe. Aliitoa karakanani, akaisimamisha kwenye gati la Ziwa George au shambani katikati ya theluji, kisha akashusha kamera karibu kabisa na ardhi. Kutoka huko chini, chuma kisichozidi kimo cha mtoto kilionekana kimeipita milima ya Adirondack. Smith alijua jicho linapaswa kusimama wapi, na hakutaka mwingine amchagulie.

Imani yake katika picha ilikuwa na chanzo. Alizaliwa mwaka 1906 Decatur, Indiana, nchini Marekani, na mwaka 1925 alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Studebaker, South Bend, ambako alizoea riveti na kuchomelea. Baadaye alikwenda New York kusomea uchoraji. Huko ndiko alikoona, katika jarida la Kifaransa, picha za sanamu za chuma za Pablo Picasso na Julio González. Sanamu zenyewe zilikuwa ng'ambo ya bahari. Picha zilitosha kumwonyesha kwamba ufundi alioupata kiwandani unaweza kuzaa sanaa. Mwaka 1933 akachomelea sanamu zake za kwanza, na mwaka uliofuata akapata nafasi ndani ya Terminal Iron Works, karakana ya vyuma iliyokuwa ufukweni Brooklyn. Alipohamia moja kwa moja Bolton Landing, kando ya Ziwa George, mwaka 1940, alikwenda na jina hilo na kuipa karakana yake mpya.

Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka Schenectady, kwenye kiwanda cha American Locomotive, ambako alichomelea vifaru na vichwa vya garimoshi. Chuma kinene kikawa kitu cha kila siku mikononi mwake.

Namna alivyofanya kazi inafaa kutazamwa kwa karibu. Sakafuni alipaka rangi nyeupe, akatandaza vipande vya chuma juu yake: vichwa vya boila, meno ya majembe ya kukokotwa, mabati yaliyokatwa kwa gesi. Alivisogeza, akavigeuza, akarudi nyuma kutazama. Mpango ulipomridhisha alivishika kwa nukta chache za kuchomelea, kisha akainua kazi nzima kwa mnyororo ili aikamilishe ikiwa imesimama. Moto uliunguza rangi ukaacha kivuli cha kila kipande sakafuni. Smith hakukipuuza kivuli hicho. Miaka ya 1950 ilipokaribia kwisha alianza kupanga vyuma juu ya karatasi na kupulizia rangi. Akiviondoa, umbo lilibaki jeupe. Hata hapo alikuwa anafanya kazi kama mpiga picha, akiacha alama ya kitu pale kilipolala.

Mwaka 1962 alialikwa Italia kwa ajili ya tamasha la Spoleto, akapewa viwanda vilivyofungwa huko Voltri, karibu na Genova. Kwa takriban mwezi mmoja alitengeneza sanamu 27, akitumia koleo, magurudumu na mabaki aliyoyakuta. Vilivyobaki vilisafirishwa hadi Bolton Landing, vikawa sanamu nyingine. Wakati huohuo aliendelea na mfululizo wa Cubi, maboksi ya chuma cha pua aliyoyapitisha grinda mpaka uso ukajaa mikwaruzo inayobadilika kadiri jua linavyosogea. Aliyasimamisha shambani, penye mwanga wa kweli, akayapiga picha hapo.

Thamani ya kumbukumbu hizo ilidhihirika kwa uchungu. Mwaka 1960 mmiliki mmoja aliibandua rangi nyekundu ya sanamu iitwayo 17 h's. Smith aliandika barua hadharani akiikana kazi hiyo, kwa kuwa kwake rangi ilikuwa sehemu ya sanamu sawa na chuma chenyewe. Alifariki Mei 1965 katika ajali ya lori lake. Mwaka 1974 mhakiki Rosalind Krauss alieleza katika jarida la Art in America kwamba sanamu zake kadhaa zilikuwa zimeondolewa rangi baada ya kifo chake, na picha zikasaidia kuthibitisha zilivyokuwa zamani. Mtunzaji wa makumbusho anayetaka kujua sanamu ya Smith iliachwaje na mikono iliyoitengeneza anaanza na picha zilizopigwa katika shamba lile.