Hesabu Matundu ya Roshani za Mombasa

Likizo ijayo ukipanda ile treni iliyoanza safari mwaka wa 2017, ukashuka Miritini na kuingia kisiwani, usikimbilie ufuoni moja kwa moja. Fika Fort Jesus, ipe ngome mgongo, kisha uingie Ndia Kuu. (Ndia, kwa Kimvita, ndiyo njia. Watoto wako wa Nairobi watacheka, waache wacheke.) Hatua chache tu, inua macho.

Hapo juu kuna roshani za mbao. Wageni wengi husifu milango ya nakshi, lakini mlango huchongwa kwa patasi. Ubao wa roshani uliotobolewa maua na duara hadi ukapitisha upepo ni kazi ya msumeno mwembamba. Mtindo huo una asili ya Bara Hindi.

Hebu chagua ubao mmoja, uhesabu matundu yake. Fundi hawezi kufika katikati ya ubao bila kuupasua ukingo. Basi hutoboa kwanza kwa keekee, akafungua bledi ya msumeno upande mmoja, akaipenyeza tunduni, akaifunga na kuikaza upya. Tundu likiisha, anafungua tena na kuhamia la pili. Bledi yenyewe ni ya inchi 5 hivi, nyembamba kama utambi, na hukatika bila hodi. Ikikazwa sawasawa, iguse kwa kidole nayo italia kama uzi wa udi.

Kwani mashine ya umeme haikumaliza taabu hiyo? La. Inakata upesi, lakini bledi bado hupitishwa tundu kwa tundu. Mashine nyingi za bei nafuu zina kibano cha skurubu kinachotaka ufunguo wa pembe sita, au hutumia bledi zenye pini nchani. Pini hunasa upesi, lakini haipiti katika tundu dogo, na ua dogo ndilo tamu la roshani.

Ndiyo maana kuna vifaa vinavyouzwa kando na mashine: skurubu yenye kichwa kipana cha kukazwa kwa vidole, kibano cha kubana kwa mkono mmoja, na kiungo cha kuifanya mashine ya pini ikubali bledi zisizo na pini. Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kinaingia katika mashine yako; havifanani.

Tuseme ubao una matundu 40. Kwa dakika moja na nusu kila tundu, kubadilisha bledi pekee kunakula saa nzima. Kwa sekunde 15, ni dakika 10. Roshani ya mbao kumi itakula saa kumi, au chini ya mbili. Basi ukiona roshani iliyozibwa kwa ubao mtupu, usimlaumu mwenye nyumba haraka. Huenda ni bei ya kazi iliyomshinda. Mimi naona kibano kizuri kitaokoa roshani nyingi kuliko hotuba.

Nyumba hizo zina wenyewe, wanapika na kulala humo. Bisha hodi kabla ya kupiga picha. Na ikiwa mwanafunzi wako atarudi nyumbani na hamu ya kujaribu, mnunulie msumeno wa mkono, bledi dazeni moja na kipande cha plaiwudi. Mwambie meno ya bledi yatazame chini.