Keki za Asali Nilizomwambia Shangazi Hazina Sukari

Nilimpotosha shangazi yangu, mgonjwa wa kisukari. Sikukusudia, lakini nilimwambia jambo nisilolijua kwa sauti ya mtu anayelijua, naye akaniamini, akala.

Nilikuwa naoka nyumbani, hapa Gongoni, Tabora, keki ndogo za vikombe, zile ambazo ng'ambo huzitia bluberi. Sisi tuna ntalali, tunda la porini ambalo wengine huliita furu: likiwa bichi ni la kijani, likiiva huwa jeusi tii. Nyama yake ni haba na imeng'ang'ania kokwa, kwa hiyo nililiponda kwa mwiko na maji ya vuguvugu, nikalichuja mpaka nikapata rojo zito. Unga ulikuwa wa ngano isiyokobolewa. Sufuria ikakaa kwenye mkaa kidogo, mkaa mwingi ukawa juu ya mfuniko. Mpaka hapo sina la kuungama.

Kosa lilikuwa kwenye utamu. Niliondoa kikombe kizima cha sukari, nikatia kikombe kizima cha asali. Kisha nikamwambia, "Hizi hazina sukari, shangazi, ni asali tupu. Kula bila wasiwasi." Akaniuliza, "Kweli, mwanangu?" Nikajibu kweli.

Jioni alipojitoboa kidole, mashine ilionyesha sukari imepanda kuliko alivyozoea. Akaushuku wali wa mchana. Kesho yake akapunguza wali na kuendelea na keki, kwa kuwa mimi nilishasema ni salama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: neno langu lilimfanya akitilie shaka chakula kingine chote isipokuwa kile nilichompa mimi.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemhoji alichokuwa akila. Nami ndipo nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga kabla ya kuwasha jiko. Kikombe cha sukari kina gramu 200 hivi. Asali ni nzito: kikombe hichohicho hubeba gramu 340 hivi, na takriban gramu 280 kati ya hizo ni sukari, hasa fruktosi na glukosi. Sikuwa nimeondoa sukari. Nilikuwa nimeiongeza kwa zaidi ya theluthi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliitaja asali waziwazi miongoni mwa sukari za kupunguza.

Sikutafuta kujua kwa sababu asali ni fahari yetu. Wanyamwezi wamerina kwenye miyombo tangu enzi za misafara ya Ujiji na Bagamoyo, na hadi leo mgeni hatoki Tabora bila chupa ya asali. Tumezoea kuiita dawa, nikachukulia kwamba kitu cha asili hakiwezi kumdhuru mtu wa nyumbani kwangu. Fahari ile niliifanya elimu, nikamtibia nayo mgonjwa.

Nilikwenda kumwambia shangazi wazi kwamba nilikosea na kwamba kosa halikuwa la wali peke yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa nile nini?" Swali hilo nililijibu baada ya kurudi naye kliniki, si kutoka kichwani mwangu.

Siku hizi naoka kwa robo kikombe cha asali kwa keki kumi na mbili za vikombe, na utamu mwingine unatoka kwenye ntalali. Maji ya kukandia nayapunguza; mkaa wa juu nao naupunguza, maana asali huunguza keki upesi. Shangazi hula moja, na siku hiyo anaihesabu pamoja na wali na ugali wake, kwa sababu unga nao hugeuka sukari mwilini, na ntalali nayo ina sukari yake.

Majirani zangu wa Gongoni mlionakili vipimo vyangu vya kwanza, naomba mvifute. Kama mlimpa mgonjwa wa kisukari mkamwambia maneno yangu, rudini mkamweleze. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka msimpe asali kabisa, hata iliyookwa. Aliyewaambia asali haina madhara ni mimi, na nilikosea.