Hataki, au Hawezi?

Vijana wapendwa, wengi wenu mmeniuliza habari za samaki wa mpwa wangu, wengine kwa huruma na wengine kwa kicheko. Naandika ili niwajibu wote kwa pamoja, maana habari yenyewe ni ndefu kuliko inavyoweza kusimuliwa mlangoni mwa kanisa.

Samaki huyo anaitwa mbu. Anayejua Kiswahili hucheka kusikia jina hilo, kwa sababu mbu tunayemfahamu ni mdudu anayetuletea malaria, na huyu ni samaki anayeweza kupita urefu wa sentimita 60. Lakini ndivyo alivyoandikwa katika elimu ya viumbe. Mwaka 1899, George Albert Boulenger, mtaalamu mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la London, alimwita Tetraodon mbu. Neno la kwanza limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni mwenye meno manne. Lishikeni neno hilo. Makao yake ni mto wetu Kongo, na pia ziwa Tanganyika. Ni wa jamaa moja na samaki ambao watu wa pwani ya Bahari ya Hindi huwaita bunju: akitishwa hunywa maji upesi mpaka tumbo linakuwa kama mpira, na anaweza kutanuka hivyo kwa sababu hana mbavu. Macho yake huzunguka kila moja kwa upande wake. Humtambua anayemlisha, akamfuata kwa macho kutoka pembe moja ya hodhi hadi nyingine, jambo ambalo limewafanya wageni kadhaa wahame kiti sebuleni kwangu.

Mpwa wangu, ambaye ni mwanafunzi wa elimu ya viumbe hapa Kisangani, alimpata kwa mvuvi mmoja wa Wagenya akiwa mdogo kama kidole gumba. Alimwekea hodhi la kioo la lita 300, chujio la maji na pampu ya hewa. Kwa muda wa mwaka mzima alikula vizuri. Akafikia urefu wa kiganja cha mtu mzima. Kisha, mwanzoni mwa msimu wa mvua, akaacha kula. Siku ya kwanza hatukujali. Ilipofika siku ya tano tumbo lilikuwa limeanza kuingia ndani, na mpwa wangu akawa hali vizuri naye.

Mmoja wenu aliniuliza waziwazi: kwa nini kuhangaika kwa ajili ya samaki asiyeliwa, katika mji ambamo kuna nyumba zinazopika mara moja kwa siku? Swali hilo ni la haki, wala silikwepi. Samaki aliye mtoni hatudai kitu. Akikosa chakula hapa, huhamia pale. Bali yule tuliyemfungia ndani ya kioo tumemnyang'anya uwezo wa kujitafutia, na kwa kufanya hivyo tumejitwika deni lake. Mtu anaweza kusema kwamba tusingelijitwika deni hilo tangu mwanzo, nami sitabishana naye. Lakini likishakuwapo, hulipwa kila siku.

Ushauri ulikuja kutoka kila upande, na karibu wote ulikuwa ushauri wa dawa. Jirani mmoja alileta vidonge viwili vya tetrasiklini vilivyobaki baada ya kidonda cha mwanawe, akataka vifunguliwe na unga wake umwagwe majini. Alikuwa na nia njema kabisa. Hata hivyo mpwa wangu alikataa, na sababu yake nataka muielewe, kwa kuwa inahusu kitu kisichoonekana.

Samaki hutoa uchafu wake, hasa kwa njia ya matamvua, katika umbo la amonia, nayo ni sumu. Mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia hiyo. Mtoni uchafu huo huchukuliwa na maji mengi yanayopita. Ndani ya hodhi hauna pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wanaoishi juu ya sifongo na mawe ya chujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa damu ya samaki, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa maji hubadilishwa mara kwa mara. Bakteria hao huchukua majuma manne hadi sita kujijenga katika hodhi jipya. Dawa ya kuua bakteria haiulizi yupi ni adui na yupi ni mtumishi wa nyumba. Ungeweza kumwaga dawa kwa ajili ya ugonjwa usiokuwapo, na siku chache baadaye ukawa na ugonjwa wa kweli.

Basi kazi ikaanza kwa maswali. Swali la kwanza lilikuwa: samaki huyu ni wa namna gani? Laweza kuonekana swali la kitoto, ila si la kitoto. Katika mto huohuo Kongo anaishi ndugu yake aitwaye Tetraodon miurus, ambaye hujifukia mchangani akibakiza macho na mdomo, akingoja samaki wadogo wapite. Huyo akishakamata windo kubwa anaweza kukaa siku kadhaa bila kutaka kitu, na mfugaji asiyemjua humhangaisha bure. Mbu hayuko hivyo. Yeye huzungukazunguka akitafuta chakula chake chini na kandokando, na akiwa bado anakua hutazamia kula karibu kila siku. Kwake, siku tano bila chakula hazikuwa desturi.

Swali la pili lilihusu maji. Tulikuwa na sababu nzuri ya kuyashuku, kwa maana umeme ulikuwa umekatika usiku mzima mara mbili katika juma lile. Umeme ukikatika, chujio husimama. Chujio likisimama, bakteria hukosa hewa na huanza kufa. Nao wanapokufa, uchafu walioufanyia kazi hubaki mikononi mwa samaki, kama tungeweza kusema kwamba samaki ana mikono. Mpwa wangu alibadilisha theluthi ya maji mara moja, bila kungoja vipimo, kwani hatua hiyo haimdhuru samaki. Maji ya bomba aliyaacha ndani ya ndoo zilizo wazi siku nzima ili klorini itoke kwanza. Halafu rafiki yetu anayefanya kazi katika maabara akatupatia karatasi za kupimia. Amonia haikuonekana. Nitriti haikuonekana. Joto la maji lilikuwa digrii 26, na matamvua ya samaki yalikwenda polepole, bila kuhema. Maji hayakuwa na hatia.

Swali la tatu lilikuwa minyoo. Samaki aliyetoka mtoni huweza kuja nayo tumboni. Lakini samaki mwenye minyoo kwa kawaida huendelea kula huku akikonda, na choo chake huwa cheupe, chembamba kama uzi. Huyu hakula, na choo cha mwisho tulichokiona kilikuwa cha kawaida.

Hapo ndipo kijana alipofanya jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alifanye walau mara moja maishani. Alichukua daftari na kiti, akakaa mbele ya kioo muda wa saa nzima bila kugusa kitu. Aliangusha kipande cha kamba wa mtoni, wale tunaowaita kosakosa. Samaki alikuja papo hapo, macho yote mawili yakikielekea kipande. Akakidaka. Akakigeuza mdomoni, akakitema. Akakidaka tena, akakitema. Mara ya tatu alikigusa tu kwa mdomo, akakiacha kizame, lakini hakuondoka; alibaki juu yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyekaa mbele ya sahani. Mpwa wangu aliandika sentensi moja tu, kisha akaniita: «Mjomba, huyu ana njaa.»

Tulikuwa tumesema siku zote hizo kwamba samaki hataki kula. Neno lenyewe lilikuwa limetuficha kitu. Samaki asiye na hamu hageuzi hata jicho. Chakula humpita kama jani. Huyu alitaka, na kwa nguvu zote. Hakuweza.

Nanyi mnaosomea ualimu, mniruhusu nitoke nje ya hodhi kidogo. Zamani, tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja wa darasa la nne alikuwa ameandikwa katika daftari la mwalimu wake kuwa mvivu, kwa sababu hakunakili kitu chochote kutoka ubaoni. Mwenzetu mmoja katika mazoezi hayo alimhamisha kutoka kiti cha nyuma hadi cha mbele, kwa sababu nyingine kabisa, ya kutenganisha wazungumzaji. Mtoto akaanza kunakili. Macho yake hayakufika mbali. Alikuwa ameadhibiwa kwa muhula mzima kwa ajili ya macho yake.

Nirudi kwa samaki. Sasa lile neno la Kigiriki likatufaa. Meno ya mbu ni mabamba manne, mawili juu na mawili chini, yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na hayaachi kukua maisha yake yote. Mtoni hilo si tatizo, kwa sababu chakula chake ni konokono, kome na kaa. Kila anapovunja gamba, meno hupungua kidogo. Lakini mpwa wangu, kwa upendo, alikuwa akimlisha vizuri kupita kiasi: minofu ya samaki iliyotolewa mifupa yote, na kosakosa waliomenywa. Kwa mwaka mzima samaki hakuvunja kitu. Tulimulika tochi mdomoni kutoka mbele, tukaona bamba la juu limeshuka na kulifunika la chini, na kati yake pamebaki upenyo usiozidi punje ya mchele.

Daktari mmoja wa mifugo, aliyezoea ng'ombe na mbwa, alikubali kutusaidia baada ya kusoma kwanza jinsi jambo hilo linavyofanywa. Kitu kilichonifurahisha ni dawa yenyewe ya kumlaza: mafuta ya karafuu, yaleyale yauzwayo katika maduka ya dawa kwa ajili ya watu wenye maumivu ya meno. Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo matone machache yalitikiswa kwanza ndani ya chupa ndogo yenye maji ya uvuguvugu, kisha yakamiminwa kidogokidogo katika beseni lenye maji ya hodhi. Samaki hakuchotwa kwa wavu. Alihamishwa ndani ya bakuli akiwa majini muda wote, kwa sababu mbu akitolewa nje huweza kujijaza hewa badala ya maji, na hewa hiyo ni vigumu kuitoa. Baada ya dakika chache alilala ubavu, matamvua yakiendelea kwenda. Daktari alimshika kwa kitambaa chenye maji, akakata ncha za meno kwa kikata ngozi ya kucha, vipande vitatu vidogo vilivyolia kama kucha ngumu. Kazi ilikwisha kabla sijamaliza Salamu Maria ya pili. Akarudishwa katika maji safi ya hodhi, mpwa wangu akimsukuma polepole mbele ili maji yapite katika matamvua, mpaka akajisimamisha mwenyewe. Msijaribu jambo hili peke yenu. Dawa ikizidi, samaki haamki.

Siku ile hakula. Siku iliyofuata asubuhi alikula kipande cha kosakosa pamoja na ganda lake. Siku ya tatu tulimpa konokono mzima, na sauti ya gamba likivunjika ilisikika hadi jikoni.

Samaki huyu bado anakua, na mbu mzima huhitaji hodhi la maelfu ya lita, ambalo sina nyumba ya kuliweka. Mpwa wangu ameanza kuzungumza na yule mvuvi juu ya kumrudisha alikotoka. Anataka kwanza awe na hakika kwamba hana ugonjwa atakaoupeleka kwa wenzake, na kwamba amejifunza tena kujivunjia magamba. Kwa hiyo, kwa miezi ijayo, tunahitaji konokono.

Baadhi yenu mmejitolea kuleta, nami nawashukuru, ila nawaombeni msiingie miguu mitupu katika madimbwi na mifereji yenye maji yaliyotuama. Ndimo wanamokaa konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini. Vaeni viatu virefu vya mpira, chukueni kichujio chenye mpini mrefu, wala msitie mkono katika ndoo. Sisi tutawaweka konokono peke yao katika maji safi kwa siku chache kabla ya kuwatumia. Wale wa bustanini wanafaa pia, wakitoka mahali pasiponyunyiziwa dawa ya wadudu. Leteni Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Wadogo ni bora kuliko wakubwa.